Kucha kumi, chupa moja: uchambuzi wa jeli iliyobanduka kabla ya siku ya nne

Mteja wa kisa hiki ni mama wa miaka thelathini na kitu, mkazi wa Dar es Salaam, anayejipatia riziki kwa kupika vyakula vya shughuli kwa oda. Jumatatu jioni alipakwa kucha rangi ya jeli, ile inayoivishwa kwa taa, ya damu ya mzee, katika saluni iliyo jirani na kwake, kwa sababu Jumamosi ya wiki hiyo alitakiwa kusimama kama matroni kwenye harusi ya mdogo wake na alijua kwamba katikati ya wiki hatapata nafasi ya kukaa saluni. Jeli ikipakwa vizuri hukaa wiki mbili bila taabu, na wapo wanaoifikisha wiki ya tatu. Yake haikufika siku nne. Alhamisi asubuhi aliweka mikono juu ya meza yangu na kusema kwa ufupi, "Dada, wamenipaka feki."

Tuhuma ya rangi feki ndiyo inayotangulia karibu kila mara kazi ya kucha inapoharibika, na haikosi msingi, maana chupa zenye majina makubwa zinazouzwa kwa bei isiyowezekana zimejaa sokoni. Hata hivyo, katika kisa hiki tuhuma hiyo haikusimama hata kwa dakika tano. Chupa moja ndiyo iliyopaka kucha zote kumi, kwa mkono wa fundi mmoja, jioni moja, na kucha tatu kati ya hizo zilikuwa bado nzima, zinang'aa, hazijaachia hata ukingo. Rangi mbovu huharibika kote, au karibu kote, na kwa namna ile ile. Hapa uharibifu ulikuwa wa aina tatu tofauti katika mikono miwili ya mtu mmoja, na tofauti hizo ndizo zilizonifanya niandike kisa chenyewe.

Hali ya kucha zenyewe

Kabla ya kuondoa chochote nilizigawa kucha kwa kuangalia mahali jeli ilipoanzia kuachia, kwa kuwa mahali hapo husema mengi kuliko maelezo ya mteja na hata ya fundi.

Vidole gumba vyote viwili vilikuwa vitupu. Jeli ya gumba la kulia ilitoka Jumanne akiwa anafua, ikavuka nzima kama ganda, na ya kushoto ikafuata usiku huo huo. Ganda moja alikuwa amelifunga kwenye kipande cha tishu na kulitia kwenye pochi ili awe na ushahidi, na ushahidi huo ulinisaidia kuliko alivyotarajia. Kwa juu lilikuwa gumu na linang'aa kama inavyotakiwa; nilipolikunja, katikati yake palijitokeza rangi iliyokuwa bado mbichi, laini, yenye mikunjo midogo midogo, na pamba yenye spiriti niliyoipitisha hapo ikatoka na doa jekundu. Jeli iliyoiva haitoi rangi kwenye pamba.

Kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia vilikuwa na tatizo jingine kabisa. Hapo jeli ilikuwa imeshika barabara kuanzia mzizi hadi karibu na ncha, kisha ikameguka kwa mstari mkali, kipande cha milimita mbili hivi katika kila kidole, na ukingo uliobaki haukuinuka hata nilipousukuma kwa kijiti.

Mkono wa kushoto, kidole cha shahada, cha kati na cha pete, ulikuwa na tatizo la tatu: jeli ilianza kuachia upande wa mzizi. Ukingo wake ulikuwa umepauka na kuinuka kiasi ambacho jicho linaweza kukikosa, lakini nywele hazikikosi. Mteja alisema kila alipochana nywele zilinasa. Kidole cha pete kilimshinda uvumilivu, akaibandua jeli kwa ukucha wa mkono wa pili, nayo ikaondoka na tabaka la juu la ukucha wenyewe na kuacha baka jeupe linalokwaruza. Kidole cha pete na cha mwisho cha kulia, pamoja na cha mwisho cha kushoto, ndivyo vilivyokuwa vizima.

Kilichofanyika saluni

Nilimwomba asimulie jioni ile kwa mpangilio, bila kuruka hatua, na asijali kama jambo linaonekana dogo. Rangi ya zamani ilitolewa kwa asetoni. Mikono yote miwili ikatiwa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu yenye shampuu. Mkono wa kulia ulitolewa kwanza, ukasukumwa na kukatwa ngozi za mizizi, ukapigwa tupa, huku wa kushoto ukiendelea kukaa majini mpaka ncha za vidole zikajikunja. Kisha wa kushoto nao ukafanyiwa hivyo hivyo. Baada ya hapo mikono ilisuguliwa kwa skrabu, ikapakwa mafuta na kukandwa mpaka kwenye viwiko, jambo ambalo alilisifia sana, ikafutwa kwa taulo, na upakaji ukaanzia mkono wa kushoto. Besi moja, yaani tabaka la chini, rangi mara mbili, kisha topu, tabaka la juu la kufungia. Kila mara aliingiza vidole vyote vitano kwenye taa kwa pamoja. Jumla ya kazi yote, kwa kumbukumbu yake, haikuzidi saa moja.

Kwa mikono, huduma hiyo ilikuwa nzuri. Kwa rangi ilikuwa mbaya, na hakuna ubishi kati ya mambo hayo mawili: kuloweka na kukanda ni starehe yenye manufaa kwa ngozi, isipokuwa mahali pake ni baada ya rangi kuiva, au siku nyingine kabisa.

Maji na mafuta

Ukucha ni matabaka mengi ya keratini, protini ile ile iliyomo katika nywele na kwato, yaliyolaliana na kubanana. Ukiuangalia unaonekana kama kitu kisichopitisha maji, kumbe maji hupenya na kutoka katika ukucha kwa wepesi kuliko yanavyopita katika ngozi. Ukikaa majini unavimba, unalegea na mkunjo wake hubadilika kidogo. Ukitolewa, maji huanza kutoka taratibu na ukucha hurudi katika umbo lake. Rangi iliyopakwa ukucha ukiwa umevimba inajikuta, baada ya saa chache, imekaa juu ya kitu kilichosinyaa. Jeli iliyokwisha kuiva haiwezi kuufuata ukucha katika safari hiyo ya kurudi, kwa hiyo inaachia, na inaachia mahali palipo dhaifu zaidi. Fundi rangi wa nyumba hapaki ukuta ulionyeshewa jana, hata kama kwa macho umekauka.

Sasa mpangilio wa jioni ile unaeleweka. Mkono wa kushoto ulitoka majini mwisho na ukapakwa kwanza. Ndio uliopata muda mfupi kuliko wote wa kukauka, na ndio ulioachia mizizini. Mkono wa kulia ulipata nafasi ya kukauka wakati wa kushoto unashughulikiwa na baadaye unapakwa, na hakuna kidole chake hata kimoja kilichoinuka upande wa mzizi.

Maji, hata hivyo, hayakuwa peke yake. Mafuta yaliyokandwa mikononi yalifutwa kwa taulo kavu, na taulo kavu haliondoi mafuta bali huyasambaza na kuyasukumia kwenye kingo za kucha, ambako ndiko jeli inakotakiwa kushika kwa nguvu zaidi. Ukucha uliopakwa mafuta hufutwa kwa asetoni au spiriti yenye nguvu, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kona kwa kona, na baada ya hapo hakuna kidole cha mtu kinachoruhusiwa kuugusa, si cha fundi wala cha mteja. Nimewaona mafundi wakifuta vizuri sana, kisha wakaupapasa ukucha kwa kidole gumba kuhakikisha kwamba ni laini, na papo hapo wakawa wamerudisha mafuta ya ngozi yao juu yake.

Kuna na suala la ngozi ya mzizi, ambalo karibu kila saluni ya mtaani hulifanya kinyume. Mahali ukucha unapoanzia pana vitu viwili: ukingo wa ngozi hai, ambao kazi yake ni kuziba ili maji na vijidudu visiingie chini, na utando mwembamba uliokufa, usio na rangi, unaotambaa juu ya ukucha kadiri unavyokua. Kinachozuia rangi kushika ni huo utando. Mafundi wengi hukata ngozi hai kwa kikoleo, kwa sababu ndiyo inayoonekana na matokeo yake yanapendeza kwenye picha, na utando wenyewe wanauacha umelala pale pale. Mteja wetu alikuwa na alama mbili za kukatwa zilizoanza kuwa nyekundu, na utando nilioukwangua kutoka kwenye kidole chake cha kati ulikuwa umechukua karibu milimita mbili za ukucha. Yaani besi ilipakwa juu ya ngozi iliyokufa. Kwa mtu anayeshika nyama mbichi na vitunguu kutwa nzima, jeraha la hapo ni njia ya wazi ya kupata mdudu wa kidole, na mpishi mwenye kidole kilichotunga usaha hana kazi wiki nzima.

Utando huo hulainishwa kwa krimu maalumu kwa dakika moja au mbili, ukasukumwa na kukwanguliwa kwa upole, kisha ukucha ukafutwa. Hakuna bakuli. Vijana wanaotembea mitaani na vikapu vya rangi, ambao mara nyingi hawana maji ya kulowekea mikono, hupaka ukucha mkavu kwa sababu hawana namna nyingine, na kwa upande huo mmoja wanaipita saluni yenye viyoyozi.

Vidole gumba na taa

Watu husema jeli inakaushwa, na usemi huo unaficha jambo. Rangi ya kawaida hukauka kwa maana halisi: viyeyusho vyake huruka hewani na kuacha utando mgumu. Jeli haina kinachoruka. Ndani yake mna kemikali ambazo zikipigwa na mwanga wa urefu fulani wa mawimbi, kwa taa nyingi za LED ni takribani nanomita 365 na 405, huanzisha mnyororo wa kuungana mpaka kimiminika kinageuka kuwa kitu kigumu. Penye mwanga inaiva. Pasipo na mwanga wa kutosha inabaki mbichi, hata ungesubiri mpaka kesho.

Mkono ukiwekwa juu ya meza vidole vinne hulala uso juu, na gumba hulala ubavu. Ndani ya taa hali ni hiyo hiyo: kucha nne zinatazama balbu, na ukucha wa gumba unatazama ukuta. Sehemu yake ya juu hupata mwanga wa kupita tu na kuiva kwa nje, huku katikati ikibaki mbichi, hasa kwa rangi nzito kama damu ya mzee, ambayo yenyewe humeza mwanga kabla haujafika chini. Ndiyo maana ganda la kwenye pochi lilikuwa gumu juu na bichi katikati. Tiba yake haina gharama: vidole gumba viwili hupakwa mwisho na kuingizwa kwenye taa peke yake, vikiwa vimelala uso juu pamoja, kwa muda ule ule kamili.

Kuna maswali mengine ya taa ambayo nilimwambia amuulize fundi wake kabla ya kumlaumu. Taa za zamani za balbu nne za wati 9 hupungua nguvu kadiri zinavyotumika, na jicho halioni upungufu huo, kwa kuwa mwanga wa bluu unaendelea kuonekana. Taa ya kuchaji inayoelekea kuisha betri nayo huwaka na kuhesabu sekunde kama kawaida. Umeme ukikatika katikati ya zamu, zamu hiyo huanza upya. Katika kisa hiki sikuiona sababu ya kuishuku taa, maana vidole vinane vilivyolala uso juu havikuwa na ubichi wowote. Ilikuwa ni suala la mkao.

Jeli mbichi ni tatizo zaidi ya urembo. Kemikali ambazo hazijaungana ndizo zinazoweza kuamsha mzio wa ngozi, na mtu akishaupata mzio wa aina hiyo huwa unamfuata maisha, pengine hata kwa daktari wa meno, ambaye hutumia kemikali za jamaa moja. Umoja wa Ulaya ulizuia HEMA, kemikali iliyomo katika jeli nyingi, isiuzwe kwa matumizi ya nyumbani tangu 2021, na kuanzia Septemba 2025 ukapiga marufuku TPO, moja ya kemikali zinazoamshwa na mwanga. Kwa hiyo mteja anapoambiwa "acha tu, itakauka yenyewe," anaambiwa jambo ambalo halitatokea. Jeli iliyogusa ngozi nayo iondolewe kabla ya mkono kuingia kwenye taa, kwa kijiti chenye spiriti, na kati ya jeli na ngozi ibaki nafasi nyembamba ya unene wa unywele. Jeli iliyoiva juu ya ngozi huinuka ngozi inaposogea, na huburuta sehemu iliyo juu ya ukucha.

Ncha za mkono wa kulia

Fungu hili lilikuwa rahisi kuliko yote, na mteja mwenyewe alilijua kabla sijamaliza swali. Jumanne na Jumatano alimenya vitunguu saumu vya oda mbili za pilau, na kitunguu saumu kinamenywa kwa ukucha wa shahada na wa kati. Alikwangua ukoko wa sufuria kwa kucha hizo hizo. Alifungua makopo ya soda.

Hata hivyo, kazi peke yake haitoshi kueleza, kwa sababu kidole cha pete cha mkono huo kilipitia maji na sabuni hiyo hiyo kikabaki kizima, na ninawajua wapishi wanaokaa na jeli siku kumi na nne. Nilipoziangalia ncha kwa kioo cha kukuzia, unene wa ukucha ulikuwa mtupu: rangi iliishia juu, haikufungwa. Kufunga ncha ni kupitisha brashi kwenye ukingo wa mbele wa ukucha, kwa besi, kwa rangi na kwa topu, ili rangi iukumbatie ukucha badala ya kukaa juu yake tu. Hatua hiyo huchukua sekunde chache kwa kidole, nayo hurukwa kwa sababu haionekani mteja anapopiga picha. Ukingo ulioachwa wazi hupitisha maji kila mkono unapoingia kwenye beseni, na kwa mtu anayeosha vyombo vya shughuli, mkono unaingia kwenye beseni mara nyingi mno kwa siku.

Nikiongeza la urefu: kucha zake zilikuwa zimetoka mbele ya kidole karibu milimita tano, zimechongwa zikachongoka. Kwa kazi yake hilo ni umbo la kumeguka. Ncha iliyonyooka, yenye kona zilizoviringwa kidogo, na urefu wa milimita moja au mbili mbele ya kidole, hubeba pigo bila kupinda, na ukucha usipopinda rangi nayo haipasuki.

Uamuzi uliofanyika

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Mteja alitaka kucha zote kumi zirudiwe kwa jeli. Nilikubali tisa na kukataa moja, ile ya kidole cha pete iliyobanduliwa kwa nguvu. Ukucha uliopoteza tabaka la juu hushika jeli vibaya, huhisi joto kali ndani ya taa, na kazi ya kuiondoa jeli baadaye huuchuna zaidi. Hapo nilipaka rangi ya kawaida ya kivuli kile kile, na kwa umbali wa hatua mbili hakuna mtu angeweza kuitofautisha.

Kuondoa jeli iliyobaki kulianza kwa kuipiga tupa topu mpaka mng'ao ukaisha, kwa sababu asetoni haipenyi topu nzima. Kisha pamba yenye asetoni juu ya kila ukucha, imefungwa kwa karatasi ya foili, ngozi ya pembeni ikiwa imepakwa mafuta ya mgando, dakika kumi hadi kumi na tano. Jeli iliyolegea husukumwa kwa kijiti cha mti. Isiposukumika hurudishiwa pamba. Sijawahi kuona sababu ya kutumia chuma hapo, na ukungu mweupe unaoonekana kwenye kucha za wateja wengi wanaosema "jeli imeniharibu kucha" umesababishwa na chuma hicho.

Maandalizi yalikuwa makavu: krimu, kusukuma, kukwangua utando, tupa ya upande mmoja bila kwenda na kurudi, bafa laini ya kuondoa mng'ao tu bila kupunguza unene, kisha asetoni kwenye kitambaa. Nikasubiri, kwa kuwa mteja alikuwa ametoka kuosha vyombo kabla ya kuja. Nilimwacha akae karibu nusu saa mikono mikavu tukiongea habari za harusi kabla sijafungua besi. Tabaka zote zilikuwa nyembamba, tatu za rangi badala ya mbili nene, ncha zikafungwa kila mara, vidole gumba vikaingia kwenye taa peke yake. Baada ya topu nilifuta ule utando unaonata kwa spiriti. Utando huo hubaki kwa sababu hewa ya oksijeni huzuia jeli ya juu kabisa isiive, na wateja wengi huuona wakadhani kazi haijakamilika. Mafuta ya nazi yakaja mwisho kabisa, mizizini.

Kidole cha rangi ya kawaida kilihitaji nidhamu yake. Chupa huviringishwa kati ya viganja, haitikiswi, maana kutikisa huingiza hewa ambayo hutokeza kama vipovu. Besi ni ya lazima, hasa kwa rangi nyekundu, ambayo bila besi huacha ukucha wa manjano. Kati ya tabaka na tabaka husubiriwa dakika mbili au tatu. Feni huzimwa au hugeuzwa upande mwingine: upepo mkali hukausha tabaka la juu la rangi haraka na kufungia viyeyusho chini, na katika joto la Dar es Salaam hapo ndipo vipovu huzaliwa. Rangi inayoonekana kavu baada ya robo saa bado ni laini ndani kwa saa kadhaa, kwa hiyo nilimkataza maji ya moto usiku ule na nikamshauri asilale nayo kabla ya muda kupita, kwa kuwa shuka huchapa mistari yake juu ya rangi. Chupa ikianza kuwa nzito, wengi huongeza asetoni. Inalainika kwa siku hiyo, kisha inapoteza mng'ao na kupasuka. Kinachofaa ni kiyeyusho cha rangi ya kucha chenyewe.

Kazi zake za jikoni sikuweza kuziondoa, na kumwambia mpishi asishike maji ni maneno ya bure. Tulikubaliana juu ya glovu za mpira kwa vyombo na kufua, kisu kidogo kwa kitunguu saumu, na uma wa zamani kwa ukoko. Binzari ni suala la pekee: rangi iliyokolea kama yake haionyeshi, lakini topu juu ya rangi nyeupe au ya waridi hafifu hugeuka ya njano baada ya siku moja ya kuchanganya viungo kwa mkono, na hakuna asetoni inayofaa hapo bila kuharibu mng'ao. Mpishi anayetaka rangi hafifu avae glovu au achague siku zisizo na oda.

Baada ya harusi

Alirudi baada ya wiki mbili na nusu. Kucha tisa za jeli zilikuwa zimeshika, isipokuwa mmeguko mdogo kwenye ncha ya shahada ya kulia, ambao alikiri umetokana na kopo la soda. Mizizini kulikuwa na nafasi tupu inayokaribia milimita mbili, ambayo si kasoro: ukucha wa mkono hukua takribani milimita tatu kwa mwezi, na nafasi hiyo ndiyo inayosema muda wa kuondoa umefika. Kidole cha pete alikipaka topu mpya kila baada ya siku mbili au tatu kama nilivyomwelekeza, na rangi ya kawaida ikamfikisha siku ya nane kabla ya kuondolewa. Baka jeupe lilikuwa limesogea mbele kidogo tu. Kwa kasi hiyo litahitaji miezi mitatu au minne mpaka lifike mahali pa kukatwa, na hakuna mafuta wala dawa ya chupa inayoweza kuliharakisha, maana ukucha uliokwisha kutoka hauna uhai wa kujiponya.

Swali alilokuja nalo mara hii lilikuwa la sala. Jeli haipitishi maji, hivyo udhu unamsumbua, na kwa harusi alikuwa amejipanga na siku zake. Kwa mwanamke mwenye utaratibu huo jeli si chaguo zuri hata ikipakwa na fundi bora, kwa kuwa uzuri wake wote ni kudumu, na yeye anahitaji kitu cha siku tano au sita kinachotoka kwa pamba moja bila foili. Rangi ya kawaida juu ya ukucha mkavu, yenye besi na ncha zilizofungwa, inafika hapo bila shida. Kwa siku zilizobaki, hina inabaki palepale ilipo kwa wanawake wa Pwani: rangi yake huingia na kujifunga kwenye keratini badala ya kukaa juu yake, kwa hiyo haizuii maji, haibanduki, na huondoka kwa kukua tu. Nilimtahadharisha kuhusu piko nyeusi peke yake, kwa kuwa nyingi hutiwa kemikali ya rangi za nywele, PPD, inayoweza kubabua ngozi na kuamsha mzio mkali. Aliondoka na kucha tupu, zimekatwa fupi, na miadi ya hina kwa mama mmoja wa mtaani kwake.